Mikate Miwili Ukutani

Margilon, Oktoba 9, 2004

Dada yangu Zulayho, opajon,

Salamu nitazitoa mwishoni nikikumbuka. Wamemchukua Ibodullo.

Walikuja asubuhi, tumekaa kwenye chai. Mzee wa mtaa alikuwa nyuma yao, anatazama viatu vyake kama vile ndiyo kwanza anaviona. Walisema ni maswali machache tu. Mume wangu akauliza avae koti au asivae, mmoja akamjibu, "Vaa, kaka, huko kuna baridi." Hapo ndipo nilipojua kuwa si maswali machache.

Kosa lake ni pilau ya Alhamisi. Unawajua wale wenzake wafumaji wa hariri: wanapika kwa zamu, wanakula, wanataniana, na mmoja wao akikwama wanamchangia. Sasa wameitwa kundi la siri la dini. Wale, dada! Watu ambao hawajawahi kukubaliana hata karoti zikatwe nene au nyembamba!

Mimi nilisimama kama gogo. Mama mkwe ndiye aliyekimbia. Alinyakua mkate mezani, akawafuata mpaka kwenye gari, akamsukumia mwanawe mdomoni kupitia dirishani. "Uma, mwanangu! Uma urudi!" Walicheka, lakini hakuna aliyethubutu kumzuia mama mwenye mkate mkononi. Akauma. Uliobaki tumeutundika juu ya kabati la vyombo, kwenye msumari uleule uliobeba mkate wa baba mkwe alipokwenda jeshini. Yeye alirudi akaumaliza, mgumu kama kigae.

Sasa nisikilize. Wewe unawaokea mkate wageni wa kambini, wale wanajeshi wa kigeni. Yule kapteni wako, anayekuja tanurini asubuhi kula mkate wa moto, ni mtu mkubwa. Kwenye televisheni tunawaona wakubwa wao na wakubwa wetu wanashikana mikono hadi wanachoka. Mwambie habari za Ibodullo. Neno moja kutoka kwake ni zito kuliko magoti yangu ninayoyapiga kila siku katika mlango wa kituo cha polisi.

Barua hii inaletwa na Turdi dereva. Usijibu kwa posta, na simu usiiguse.

Mdogo wako,
Oydin

*

Karshi, Oktoba 21, 2004

Oydin wangu,

Nimelia, nikafuta machozi kwa aproni, nikaenda kukanda unga, maana unga haujui kuwa mtu ana msiba.

Usinikasirikie kwa haya nitakayoyasema. Kambini kuna sheria moja kwetu sisi wenyeji: fanya kazi, funga mdomo. Pale getini anakaa kanali wa kwetu, si wa wageni. Anatupekua tukiingia, anatupekua tukitoka, na mikate yangu anaichoma kwa kidole kana kwamba nimeficha bunduki ndani. Mama mmoja wa dobi alimlalamikia mgeni kuhusu maji ya mtaani kwake. Hajaonekana kazini tena.

Nami sina mume, unajua. Tangu wageni waje, nyumba ina paa jipya, Bahrom wangu anasoma udaktari Tashkent, hata taa za mtaa wetu zinawaka kwa sababu waya wa kambi unapita hapa. Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Nasi tumepona kidogo. Tena fikiria: macho ya wageni yakiwapo, hawa wetu wanaona haya. Wageni wakiondoka leo, kesho hawa watafanya nini?

Subiri. Huenda ikawa kweli ni maswali machache.

Dada yako anayekupenda,
Zulayho

*

Margilon, Novemba 2, 2004

Dada,

Mwenyeji gani huyo aliyepona? Mimi ni mwenyeji pia. Mbona sijapona?

Unasema macho ya wageni yanawatia haya. Haya gani? Wageni wako wanalipa kodi ya uwanja wa ndege, na kodi hiyo ndiyo iliyonunua gari jipya lililomchukua mume wangu. Lilikuwa jipya, dada, viti bado vina nailoni! Mgeni akishakula chumvi ya mwenye nyumba haulizi chumba cha nyuma amefungiwa nani. Anasifu pilau, anasifu zulia, anakwenda kulala.

Nimemwona Ibodullo mara moja, kwa mbali, uani. Aliinua mkono wa kushoto. Wa kulia hakuuinua, na wewe unajua kuwa yeye si mtu wa mkono wa kushoto. Mfumaji huyo, dada.

Wewe endelea kuangalia paa lako. Likivuja niambie, nije nikusaidie kukinga ndoo.

Oydin

*

Karshi, Novemba 16, 2004

Oydin, mdomo wako huo mama alikuwa akiupaka pilipili, na haikusaidia kitu. Nimemwambia.

Sijalala vizuri tangu nisome habari za ule mkono. Asubuhi Kapteni Witlo akaja tanurini kama kawaida yake, kofia kwapani, pua mbele. Anazungumza Kirusi cha shuleni, kibovu lakini kinaeleweka. Nikampa mkate wa kwanza. Akasema, "Mama Zulayho, leo huimbi."

Nikamwambia, "Leo mtu wangu yuko kifungoni."

Nilimweleza yote: pilau ya Alhamisi, gari, mkono. Nikamweleza mama mkwe wako alivyokimbia na mkate, na jinsi ulivyotundikwa ukutani, na kwamba kwetu aliyeuma mkate, mkate huo unamngoja, na hakuna anayeugusa mpaka arudi. Oydin, yule mtu macho yake yaliiva mekundu. Wallahi si moshi. Akachukua kalamu akaandika jina la Ibodullo kwenye kiganja chake, akaniuliza kama amelipatia.

"Sikuahidi kumtoa," akasema. "Nakuahidi kuuliza. Ndiyo maana tuko hapa, mama. Tusipokuwapo, nani atauliza?"

Kisha akaniuliza kwa aibu kidogo, "Na mimi niume?" Nikamchagulia mkate mzuri, ule wenye muhuri wa maua katikati. Akauma kweli, si kwa ncha ya meno. Akasema, "Nitaumalizia nikikuletea jibu." Niliuficha chini ya aproni nikapita nao getini, sasa uko ukutani jikoni kwangu.

Mtu aliyeuma mkate hageuki. Tulia sasa, na uwalishe watoto.

Zulayho

*

Margilon, Desemba 11, 2004

Opajon, opajon, nyota yangu!

Nisamehe lile la ndoo. Nimebusu barua yako mpaka wino umeniingia midomoni.

Imefanya kazi! Nilikwenda kituoni na kifurushi cha nguo, karani akaniambia, "Mumeo hayupo hapa. Amehamishwa." Akanisogelea dirishani, akanong'ona, na safari hii alikuwa na heshima, dada, heshima! "Mumeo ana watu wakubwa. Wameuliza habari zake kutoka juu kabisa. Faili lake limekwenda Tashkent." Juu kabisa! Mama mkwe alisikia akapika pilau, akagawa mtaa mzima, hata mzee wa mtaa alipelekewa sahani yake, ale apaliwe.

Nakutumia kitambaa cha hariri ya atlasi, kazi ya mwisho ya Ibodullo kabla hajachukuliwa. Mpe kapteni ampelekee mkewe. Mwambie huku Margilon kuna watoto wawili wanamtaja katika dua zao, na hawawezi kulitamka jina lake. Wanasema "Vitlo".

Faili limekwenda Tashkent! Huenda atakuwa nyumbani kabla ya mwaka mpya wetu wa Nowruzi.

Oydin wako

*

Karshi, Januari 8, 2005

Oydin,

Shusheni ule mkate ukutani. Shusheni leo. Usiniulize kwa nini, na usimwambie mtu yeyote kuwa ulikuwepo.

Z.

*

Margilon, Januari 19, 2005

Zulayho,

Nimesoma maneno yako mara nyingi nikitumaini kuwa Turdi alichanganya barua.

Niushushe? Unajua unasema nini? Mkate wa mtu hushushwa kwa mambo mawili. Amerudi, au hatarudi. Kurudi hajarudi. Basi una habari gani? Wamekwambia nini hao wageni wako? Kama amekufa, niambie amekufa, mimi ni mtu mzima. Usiniagize kazi ya kumzika kwa kifumbo cha maneno machache kana kwamba unaniagiza chumvi.

Mama mkwe alisikia nikisoma. Ameweka kiti mbele ya kabati la vyombo, amekaa, anaulinda mkate kwa mgongo wake. Chakula namletea palepale.

Siushushi. Njoo uushushe wewe kama unaweza kumsogeza mama huyu kwenye kiti chake.

Oydin

*

Karshi, Februari 1, 2005

Mdogo wangu,

Hajafa. Namwomba Mungu, hajafa. Sikujua neno langu litaingia nyumbani kwako kwa mlango huo. Nilihofu watakuja kwako kuutafuta, na hofu hiyo ilinifanya nisahau desturi niliyonyonya kwa mama.

Nitakwambia ilivyokuwa. Kanali wa getini aliniita ofisini kwake. Alinikaribisha chai, na tangu hapo nikajua mambo si mazuri. Aliniuliza habari za Bahrom, mwaka wa ngapi wa udaktari, amepanga kwa nani. Yote anayajua. Kisha akakoroga chai yake na kusema taratibu, "Na ule mkate wa Ibodullo, mama, bado unaning'inia kwa mama mkwe? Usije ukaliwa na panya."

Oydin, habari za mkate ule nilimwambia mtu mmoja tu.

Nikamngoja Kapteni Witlo. Alikuja anacheka, mikono wazi. "Mama Zulayho, nina habari! Nimeuliza!" Nikamwuliza alimwuliza nani. Akasema kwa fahari kabisa, "Wenzetu wa serikali yenu. Niliwapa maelezo yote, jinsi ulivyonieleza, mpaka mkate, ili wajue huyu ni mtu wa familia. Wameniahidi watalishughulikia wao wenyewe."

Yule mtu hakunisaliti, Oydin, na hilo ndilo linaloniua. Angekuwa msaliti ningemtemea mate nikapumua. Yeye alichukua maumivu yetu kwa mikono miwili, akayapeleka kwa waliotuumiza, kwa sababu alikotoka ukiona kosa unamwambia mwenye mamlaka. Nikamwambia, "Wenzenu hao ndio waliomchukua." Akasema kuna taratibu. Akasema wanaihitaji kambi hii, kuna vita ng'ambo ya mto, ndege zake zinabeba majeruhi, watoto wa watu. Hakuwa anasema uongo. Mkate wa siku ile hakuumaliza, akauacha juu ya mfuko wa unga.

Kwa hiyo yule karani hakukudanganya. Mumeo ameuliziwa kutoka juu. Mtu aliyekuwa mfungwa wa pilau sasa ni mfungwa ambaye wageni wanamjua. Nimesikia wa aina hiyo hufichwa mbali na macho ya wageni, kule jangwani, gereza lililo karibu na bahari iliyokauka. Kitambaa cha mumeo sijampa. Kimo sandukuni mwangu.

Nipige kwa maneno yoyote unayotaka. Nitayasoma yote.

Zulayho

*

Margilon, Julai 30, 2005

Opa,

Umeniandikia mara nyingi na sikujibu. Nilikuwa na hasira, kisha ukaja Mei, na baada ya Mei hasira yangu ikawa kitu kidogo. Unajua kilichotokea katika mji wa jirani. Sitautaja. Watu walijitokeza uwanjani kusema wamechoka, wakapigwa risasi, na siku ya pili wanawake walikuwa wanatafuta viatu vya watu wao. Binamu yake Ibodullo alikwenda kununua nyuzi. Nyuzi tumeletewa.

Nilikwenda kule jangwani. Treni, basi, kisha kwa miguu. Nilimwona mume wangu kupitia kioo. Amekuwa mwembamba kama uzi wake mwenyewe. Aliniuliza kitu kimoja: "Mkate upo?" Nikasema upo. Akatikisa kichwa, akafumba macho. Basi, muda ukaisha.

Sasa nasikia redioni wageni wako walisema neno kuhusu yale mauaji ya uwanjani, wakataka ifanywe uchunguzi, na Serikali imewaambia wafungashe virago. Mtaani hapa watu wanafurahi. Wanasema, waende, walikuwa wanalisha joka. Mimi pia nilisema hivyo, nilikuandikia mwenyewe.

Dada, usiwaache waondoke! Najua nasema upuuzi, wewe ni mwoka mkate, huzuii ndege. Lakini mfa maji haachi kutapatapa. Mwambie kapteni aulize tena, lakini sasa asiulize kwa kunong'ona kwa wenzake. Apige kelele. Aseme jina la Ibodullo kwenye redio yao, kwenye gazeti lao, amwambie mke wake, amwambie mbunge wake. Alipouliza kimya kimya alituangamiza, lakini akiondoka bila kuuliza hakuna hata atakayejua kuna mtu wa kuuliziwa. Waliwatia hawa kiburi miaka yote hii, na sasa wanatuachia kiburi hicho, wao wanapanda ndege!

Mpe kitambaa. Mpe, na ndani uweke jina la Ibodullo.

Oydin

*

Karshi, Novemba 24, 2005

Oydin,

Wameondoka. Ndege ya mwisho iliruka juzi, na mbwa wote wa mtaa walibweka mpaka ilipopotea. Taa za barabarani zilizimika jioni ileile. Sisi tulioajiriwa tumeambiwa turudi tukahojiwe mmojammoja. Bahrom amefukuzwa chuoni, amekwenda Urusi kubeba matofali. Paa langu ndilo limebaki. Halivuji, mdogo wangu, ndoo yako haitahitajika.

Kapteni nilimwona kabla hajapanda. Hatukuruhusiwa kusogea, tulipangwa nje ya uzio, lakini mimi nilikwenda na kitambaa cha mumeo nimejifunga kichwani, waziwazi, rangi zake unazijua, hata kipofu angeziona. Alikuja mpaka kwenye waya. Nikakivua, nikakipitisha. Kanali alikuwa anatazama. Nikasema kwa sauti, Kirusi, wote wasikie: "Alikifuma Ibodullo! Sema jina lake huko!"

Alisema atasema. Alikuwa analia, na vijana wake walikuwa wanamvuta mkono. Kama atasema, sijui. Watu hurudi makwao, wanakuta watoto wamekua, bomba linavuja, wanasahau.

Jikoni kwangu mkate wake bado uko ukutani. Kila nikiinua macho naona meno yale. Jibu hakuniletea, na hatarudi. Nafikiri niuvunje niwape kuku. Unasemaje? Na Ibodullo? Turdi anasema hajakuona siku nyingi.

Zulayho

*

Margilon, Desemba 19, 2005

Dada yangu Zulayho, opajon,

Wamemrudisha Ibodullo.

Walikuja asubuhi, kwa gari lilelile, nailoni imeshatoka kwenye viti. Walisema ni moyo. Walisema tusifungue sanda, tuzike kabla ya adhuhuri, na walisimama makaburini mpaka udongo wa mwisho. Mzee wa mtaa alishika koleo. Safari hii hakutazama viatu vyake, alinitazama mimi, na mimi ndiye niliyegeuza uso.

Mkono wa kulia niliugusa kupitia nguo. Sitakuandikia nilichokikuta.

Tuliporudi, mama mkwe alisimama kwenye kile kiti chake akaushusha mkate mwenyewe. Hakukubali nimsaidie. Mkate hautupwi, unajua. Akaumwagia chai ya moto kwenye bakuli, ukalainika polepole, tukakaa tukaula wote, yeye, mimi na watoto. Pale alipouma Ibodullo tulimpa mwanangu Sabo, kwa kuwa ana meno ya baba yake. Ulikuwa na ladha ya vumbi. Mama mkwe akafuta bakuli kwa kidole, akasema, "Sasa ameumaliza."

Hasira nawe sina. Ulisema kwa sababu nilikusihi, na angekufa pia kama ungenyamaza, labda polepole zaidi. Au labda asingekufa. Hili nitaishi nalo, nawe utaishi nalo, tusilipitishe tena kwa Turdi.

Umeuliza ule mkate wa kapteni uwape kuku. Hapana, dada. Mkate hushushwa kwa mambo mawili, na mwenye meno hayo yu hai. Anaamka mahali fulani asubuhi hii, anapakaza siagi mkate mwingine, mkewe amevaa hariri ya mume wangu. Sijui akirudi nitamshukuru kwa kuwa ndiye pekee aliyeuliza, au nitamkamata shati nimtikise mpaka vifungo viruke. Lakini hakuna aliyemlazimisha. Aliomba mwenyewe kuuma.

Uache kwenye msumari. Arudi aumalize.

Mdogo wako,
Oydin